Babu Mkavu Alipoendelea Kusema

Watani walishindwa kumuiga Somoe. Hilo ndilo lililonikaa moyoni siku tuliyomzika, kuliko hata kilio cha mama yake, kuliko hata yule mtoto mchanga aliyekuwa akipokezanwa mikononi mwa wanawake bila kujua kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikomwondoa mama yake. Huku kwetu, kati ya Masasi na Newala, mtu akifa watani wa ukoo wake hawaji kulia. Wanakuja kumcheka. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, hulala mlangoni ili jeneza lisipite mpaka wapewe kuku, husema maneno yake kwa sauti yake, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Siku ile pale Chiwata mwanamke mmoja wa ukoo wa watani alivaa dera la Somoe, akasimama katikati ya ua, akafungua kinywa, akakifunga. Akajaribu tena. Mwishowe akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Huyu katuibia sote sauti zetu, ya kwake hakutuachia." Watu wakacheka kidogo tu. Nilikaa mkekani nikajaribu na mimi kuitafuta. Nilimsikia Somoe akiwa diwani, akiwa mbuzi, akiwa mwalimu wa madrasa mwenye mafua, akiwa pikipiki inayokataa kuwaka. Sauti aliyotumia kuniomba chumvi siikumbuki.

Mwaka ninaoufikiria ni ule niliorudi Masasi kutoka chuo kikuu na shahada ambayo hakuna aliyeniuliza ni ya nini. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na hasira yangu niliiita fikra. Athumani alikuwa fundi simu, ana chumba cha uani Lisekese, na katika chumba hicho alikuwa amejifunza peke yake kuchora katuni zinazotembea, kwanza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha kwenye kompyuta ya mkononi ambayo mteja aliileta ikiwa imekufa na hakurudi kuichukua. Kuta alizitundika magunia ya korosho aliyoyajaza sufi ili sauti isirudi. Tukifunga dirisha kurekodi, joto lilikuwa la kuokea mkate, na nyuzi za sufi zilitushika kope. Bodaboda ikipita tulisubiri. Mvua ikianza kupiga bati tuliacha kazi, tukala. Somoe, ambaye asubuhi alikaanga vitumbua na mchana alikuwa wetu, alikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, tukaimenya tukiwa tumekaa juu ya godoro, maganda tukayatupia kwenye ndoo ya rangi. Mimi nilikuwa mwandishi. Niliandika mazungumzo, Somoe akayasoma mara moja, akaniambia hakuna mtu duniani anayeongea hivyo, akayasema upya kwa namna yake, na Athumani akarekodi hayo ya kwake. Nilibisha kila mara, na kila mara tulipoyasikiliza nilinyamaza.

Katuni yetu ilikuwa ya mzee mmoja tu, Babu Mkavu. Shingo ndefu, kofia inayoteleza, pampu ya kupulizia mikorosho salfa mgongoni ambayo haivui hata akienda harusini. Hacheki kamwe. Anakaa barazani, akipita mtu anamkosoa: huyu kajenga nyumba mlango umetazama choo, yule kanunua televisheni kabla ya kununua kitanda. Tulipandisha vipande vifupi mtandaoni, na watu wa huku wakavipokea kama barua kutoka nyumbani. Stendi ya Masasi nilisikia makonda wakimuiga. Kilichowafanya wacheke hakikuwa maneno yangu. Ilikuwa sauti: nzito, ya taratibu, yenye mkwaruzo mwanzoni mwa kila sentensi kama mlango wa bati unaoburutwa. Na sauti hiyo ilikuwa ya mtu. Ilikuwa ya Mzee Ismaili wa Makote, baba yake Athumani, na yeyote aliyemjua alimtambua kabla ya neno la pili.

Niliuliza, kama nilivyouliza kila kitu, kama haikuwa dharau kumchezea mzee wa watu namna ile. Athumani alishangaa swali lenyewe. Ukoo wa Somoe na ukoo wao ni watani, alisema, Somoe ana haki ya kumuiga baba yake mpaka kaburini. Nikauliza utani huo ulitoka wapi. Mzee mmoja aliniambia babu zao waligombania kisima. Mwingine akasema hapana, babu mmoja alimzika mwenzake porini wakati hakukuwa na ndugu. Niliposema kwamba masimulizi mawili yanayopingana ni ushahidi kuwa hakuna anayejua, Somoe aliniangalia kwa huruma. "Msomi, wewe ukisubiri kumjua aliyeweka mlango utalala nje." Wakaniita Msomi mwaka mzima, na haikuwa sifa.

Mzee Ismaili mwenyewe alikuwa ameanza kukwama koo. Mwanzoni alilalamika kwamba ugali wa muhogo unamkwaruza. Wakati mikorosho inachanua alikuwa akinong'ona. Kufikia mavuno walishampeleka Dar es Salaam, wakamtoboa tundu kooni ili apumue, wakamrudisha Makote akiwa hai na bila sauti. Nilienda kumwona mara ya kwanza pamoja na wenzangu. Chumba kilikuwa cheusi kwa moshi wa jiko lililopakana nacho, kuna harufu ya dawa na ya mabibo yaliyoiva kutoka uani. Nilimwamkia shikamoo, akainua kiganja badala ya marahaba. Athumani, ambaye hakuwahi kumwonyesha baba yake hata mchoro mmoja, akamshikia simu mbele ya uso. Babu Mkavu akaanza kumsema jirani aliyepanda minazi juu ya uwanda ambao hata maji ya kunywa hubebwa kutoka bondeni. Nilimtazama mzee. Mabega yakaanza kutikisika. Hewa ikatoka kwa vipande kupitia lile tundu, mke wake akakimbilia kitambaa akidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka. Kisha akamwita Somoe kwa kidole, akashusha mkono chini, chini zaidi, kama mtu anayemwambia dereva apunguze mwendo. Somoe akasema sentensi ile ile kwa sauti ya chini zaidi. Mzee akatikisa kichwa: bado. Akairudia. Walifanya hivyo mpaka chai ikapoa, yule bubu akimfundisha yule msichana sauti aliyoipoteza, na walipomaliza mzee alivua kofia yake, akamvika Somoe. Mama Athumani, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, alisema, "Haya, nimeolewa mitala," nasi tukacheka wote, hata mimi niliyekuwa najiuliza kama tulichokiona ni zawadi au ni wosia.

Alifariki mvua zilipokuwa zimeshika. Msibani Somoe alikuja amevaa shati la marehemu ndani-nje, kofia imeteleza, pampu ya salfa mgongoni, akajilaza mlangoni. Jeneza likasimama. Kutoka sakafuni ile sauti ikatoka ikiwauliza wabebaji mbona wana haraka, je, huko wanakompeleka korosho zina bei gani, na nani kati yao atakayepalilia shamba, maana anawajua wote ni wavivu. Wanaume wenye ndevu nyeupe walicheka mpaka wakafuta machozi. Shehe alijifanya anatafuta kitu kwenye tasbihi yake. Mama Athumani hakucheka wala hakulia. Alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kama mtu anayehesabiwa chenji na muuzaji asiyemwamini. Alilia kila mtu kasoro yeye. Niliwaza kwamba ni mshtuko. Leo sidhani hivyo. Nadhani kwake mumewe alikuwa bado anasema.

Siku ya arobaini Somoe alirudi Makote na zile nguo zimefuliwa. Aliwakabidhi wafiwa mmoja mmoja, shati, kofia, pampu, kisha akapewa maji yaliyochanganywa na unga, akasukutua, akatema kwenye mzizi wa mkorosho nyuma ya nyumba. Nilidhani ni sehemu ya vichekesho. Haikuwa. Kwa koo zile mbili mtani hupewa sauti ya marehemu hadi arobaini, na siku hiyo anairudisha. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuisema, si kwa utani wala kwa ukweli, na atakayeisema, wanaamini, atapatwa na baya. Tulikuwa tumejenga kazi yetu yote juu ya ruhusa ambayo ilikuwa na mwisho, na ni mimi peke yangu katika chumba kile cha Lisekese ambaye sikujua. Athumani alijua. Alitegemea tu kwamba Somoe angelegeza.

Somoe hakulegeza. Athumani alimwambia kuwa watazamaji wanauliza, kuwa Babu Mkavu si baba yake, ni michoro. Somoe akajibu kwamba kama ni michoro basi achore mzee mwingine, naye atampa sauti nyingine hata leo. Mimi nilikuwa upande wa Athumani na niliupigania kwa maneno ya darasani: sauti haina mwenyewe, mila huundwa na watu na watu huzivunja. Somoe alinisikiliza huku anakusanya maganda ya ming'oko. Athumani akasema neno ambalo ninaamini ndilo lilikuwa la kweli siku ile nzima.

"Nikiacha, ninamzika mara ya pili."

"Mara ya kwanza hukumzika," Somoe akamjibu. "Nilimzika mimi. Wewe ulikuwa umeshika simu unarekodi."

Akaondoka, akaenda kwao Chiwata. Nami nikaenda Mtwara kwenye usaili wa kazi ambayo sikuipata. Niliporudi Athumani alikuwa amekonda, macho mekundu, na kwenye meza kulikuwa na kipande kipya. Alikuwa amechukua rekodi zetu zote, pamoja na zile tulizozitupa, akazikatakata neno kwa neno, wakati mwingine silabi kwa silabi, akaziunga. Babu Mkavu alikaa barazani akawa anatazama mvua, akamwambia mke wake kuwa ukuta wa jiko umeanguka, na kwamba yeye alishasema tope lile halifai. Lilikuwa ni tukio la kweli: ukuta wa jiko la Makote ulianguka kweli, wiki kadhaa baada ya maziko. Kazi ile ilikuwa nzuri. Lazima niseme, maana mengine yote nitakayosema yanaweza kumfanya mtu adhani ilikuwa uhuni. Viungo havikusikika. Ungeapa mzee amekaa mbele yako. Alikuwa ameshaipandisha, na watu walikuwa wanaipokezana kwenye simu kuliko chochote tulichowahi kufanya, wengi wao wasiojua kwamba mwenye sauti alikuwa chini ya udongo.

Kisha Shangazi Mwajuma, dada yake marehemu, akapiga simu. Alizungumza na Athumani kwa muda mrefu na sauti yake ilivuja hadi kwangu. Watoto wa jirani walikaa chini ya dirisha la chumba ambacho Mama Athumani alikuwa amekaa eda, wakacheza kile kipande. Tangu hapo anagawa chakula chake kwenye sahani mbili. Moja anaiweka upande wa pili wa mkeka, na yake haigusi mpaka mwenzake aanze. Mwenzake haanzi. Jioni chakula kinarudi uani kilivyo. Shangazi alikuwa amemsomea, amemkemea, amemletea shehe. Na shehe alipomwambia kwamba marehemu hasemi, alimjibu kwa adabu kwamba amemsikia.

Tulienda Makote siku hiyo hiyo. Athumani, kwa kuwa ni mwanawe, aliingia. Nami nikaingia kwa kuwa ni mwanamke. Pazia la kanga lilikuwa limeshushwa, ubani unafuka kwenye kigae, na mjane amekaa na nguo yake nyeupe, mabega yametokeza kama mpini chini ya shuka. Hakuwa amepotea akili. Hilo ndilo lililonitisha. Alituuliza habari za Masasi, akauliza kama nimepata kazi. Athumani alipomweleza alivyokata maneno na kuyaunga, alimsikiliza mpaka mwisho, na kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye maswali yote, sikuwahi kuliwaza.

"Yale ya zamani nayajua, alishayasema. Hili la ukuta hakulisema. Ukuta umeanguka yeye hayupo. Kama ni maiti, kajuaje?"

"Ni mimi niliyelisema, mama. Kwa sauti yake."

"Wewe sauti yako naijua, mwanangu."

Athumani alitoka akakaa kwenye kifusi cha ule ukuta. Alikitoa kile kipande mtandaoni pale pale mbele yangu, lakini kukitoa hakukubadilisha kitu, sahani iliendelea kukaa upande wa pili wa mkeka. Nilipanda pikipiki hadi Masasi, na kesho yake Chiwata. Somoe nilimkuta anaanika muhogo juu ya jiwe. Nilimsimulia. Nilitegemea aseme niliwaambia, na hakusema. Aliuliza mama anakula nini. Nilisema hali chochote. Akaendelea kugeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja. Nilimwambia kuwa tunachohitaji ni sentensi chache tu, kwa sauti ile, zinazomwambia kuwa mumewe amekufa. Kwamba hatamsikiliza mtu mwingine. Alisema anajua nilichokuja kuomba tangu aliponiona nateremka.

"Wewe huamini kwamba kuna litakalonipata," alisema.

"Siamini."

"Ndiyo maana ni rahisi kwako kuja kuniomba."

Sikuamini wakati ule, siamini sasa, na bado kuna jamaa zake waliokuwa wakinong'ona msibani kwake mwezi uliopita kwamba kifo cha Somoe kilianzia Makote. Niliwasikia. Nilitaka kusimama niwaambie wanawake hufa kwa kutokwa damu kila siku katika nchi hii na hawakuwahi kuiga sauti ya mtu yeyote. Sikusimama, kwa sababu nilijua wangeniuliza nilikuwa wapi siku ile, na mimi ndiye niliyemfuata. Somoe alifunika muhogo wake na turubai, akamuaga mama yake, akapanda nyuma ya pikipiki. Njiani hakuniomba chochote. Kwa Athumani, tulipofika, aliomba jambo moja: afute katuni zote. Si kile kipande tu, zote, tangu ya kwanza. Athumani alisema atafanya hivyo mama akila. Alifanya. Miaka hii nimezitafuta nikakuta kipande kimoja tu kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua, picha inatembea, kinywa kinafunguka na kufungika, sauti haipo.

Aliomba shati. Shangazi Mwajuma akalileta, hakutaka kumtazama. Somoe akalivaa ndani-nje juu ya gauni, akaingia chumbani, nami nyuma yake. Mama Athumani alikuwa amekwisha kugawa: ugali wa muhogo na kisamvu huku, ugali wa muhogo na kisamvu kule. Somoe alikaa nyuma yake, pembeni mwa ukuta, mahali asipoonekana. Nilisikia anapumua kama anayeingia maji ya baridi. Kisha ule mlango wa bati ukaburutwa.

"Mama Athumani. Huo ugali wa nani?"

Mjane hakugeuka. "Wako."

"Mimi nimeshiba udongo. Tangu mliponifukia sijapata nafasi tumboni ya kuweka hata tonge."

Nje kuku walikuwa wanaparua kifusi.

"Na ukuta?" mama akauliza. "Nani alikwambia?"

"Ukuta sikuuona. Mtu aliyelazwa ubavu atauona wapi? Kauona mwanao. Kaokota maneno yangu yaliyobaki chini kama unavyookota korosho shambani kwa marehemu, akayaunga, akaona haya kusema ni yake. Msamehe. Analia kwa mikono huyo, kwa macho hajui."

"Kwa hiyo umekufa."

"Nimekufa, Mama Athumani. Nimekufa sana. Mtani wangu alikwambia mlangoni hukutaka kumsikia. Kula, usije ukanifuata huku mapema, nafasi yenyewe ni ya mtu mmoja na nimejinyoosha."

Mama Athumani akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mke aliyekwisha kuzoea matusi ya mumewe, kikatoka puani, na kabla hakijaisha kilivunjika, na kikatoka kile kilio ambacho hakukitoa siku ya jeneza, kirefu, cha tumboni, cha kuwafanya majirani waje mbio wakidhani kuna msiba mpya. Somoe aliendelea kukaa ukutani na shati la marehemu, kinywa amekifunika kwa mikono. Kilio kilipopungua mjane alinawa, akamega tonge, akalichovya kwenye kisamvu, akala huku machozi yanadondokea sahani. Pazia likafunguka. Athumani aliingia akiwa na vumbi la kifusi magotini, akaketi upande wa pili wa mkeka mbele ya ile sahani nyingine, akanawa, na akaanza kula.